Mzee Kibwana na Waya wa Ethi

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa kituo cha mafuta, mlinipa doti mbili za kanga, keki na feni ya mezani, kisha mkanidai hotuba. Nikasema sina, mkadhani ni haya. Ukweli ni kwamba nilikuwa nayo, ila ilikuwa ndefu na wateja walikuwa wanapiga honi. Sasa nipo nyumbani Zinga, kuku wamekula, feni inazunguka, na nimepata daftari la mjukuu wangu lenye kurasa zilizobaki. Habari za nani alipanda cheo na kwa mshahara gani hamtazikuta humu, maana zinanichosha hata mimi mwenyewe. Nitaandika habari za umeme usioonekana, na za mtu aliyenifundisha kuuheshimu.

Siku ya kwanza kazini nilikuja na gauni jipya la nailoni, nililolinunua sokoni Bagamoyo makusudi kwa ajili ya siku hiyo. Kituo wakati ule kilikuwa na pampu mbili, stoo ya mabati na mwavuli wa kujikinga jua. Mwenyewe alikuwa Bwana Nassor, mfanyabiashara wa mjini ambaye babu zake walitoka Oman. Alikuwa akija kila asubuhi na kanzu nyeupe, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona tone la mafuta kwenye kanzu ile. Mimi nilikuwa nikipita tu karibu na pampu, nishachafuka. Akanikabidhi kwa Mzee Kibwana, mtu wa Mkange, mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea mafuta kutoka kwenye malori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gauni zuri. Kesho usije nalo."

Nikanuna. Nilidhani anasema habari za heshima, na gauni lenyewe lilikuwa refu mpaka kwenye vifundo. Akanipeleka nyuma ya stoo, mbali na pampu, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki. Akaniambia nijisugue mgongo kwenye kile kiti kama ng'ombe anayewashwa, halafu nisimame nisiguse chini kwa mkono wala nisishike kitu, nikaguse komeo la chuma la mlango kwa ncha ya kidole. Nikafanya yote hayo siku yangu ya kwanza ya kazi, na wenzangu wawili wakichungulia na kucheka. Nikagusa komeo. Halikutokea lolote.

"Pwani hii!" akasema Mzee Kibwana, amekasirika kweli. "Unyevu unaniharibia somo kila mara."

Basi akaniambia kwa maneno. Baadaye nilipelekwa semina Dar es Salaam, mhandisi akatueleza mambo yaleyale kwa kuchora ubaoni, kwa hiyo hapa nitawachanganyia wote wawili. Kila kitu duniani, gauni, kiti, wewe mwenyewe, kina chaji za aina mbili, chanya na hasi. Kwa kawaida zinalingana, ndiyo maana huhisi chochote. Chembe ndogo zenye chaji hasi, zinazoitwa elektroni, ndizo zenye miguu. Vitu viwili vikigusana na kusuguana, elektroni huhama kutoka kwa kimoja kwenda kwa kingine. Kilichozipoteza kinabaki na chaji chanya, kilichozipata kinakuwa na chaji hasi. Chaji zinazofanana hufukuzana, zilizo tofauti huvutana. Hakuna chaji mpya iliyotengenezwa hapo, zimehama nyumba tu.

Kama kitu ni chuma, chaji inapita kirahisi. Kama ni plastiki, mpira au nailoni, haipiti, inakaa palepale imetulia, ndiyo maana ikaitwa umeme tuli. Utulivu huo msiuamini. Mzee Kibwana alikuwa akisema chaji ni kama wageni wa harusi waliojazana kwenye chumba kimoja: ukiwafungulia mlango mapema wanatoka kwa adabu, ukichelewa wanatoka na mlango wenyewe. Kutoka na mlango maana yake cheche. Na penye mvuke wa petroli, cheche moja inatosha.

Taabu ya kwetu ni kwamba watu hawaamini. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu unaipunguza chaji polepole kabla hujaihisi. Dereva mmoja wa lori la mafuta, Mgogo mcheshi kutoka Dodoma, alikuwa akituambia kwao wakati wa kiangazi ukivua sweta linatatarika kama bisi. Sisi tulimwona mwongo. Lakini mafuta yanayokimbia ndani ya bomba yanajisugua na bomba, na yanayochezacheza ndani ya tangi la lori yanajisugua na tangi, na huko ndani unyevu wa bahari haufiki kuyasaidia. Lori nalo limekaa juu ya matairi ya mpira. Linafika kwako limebeba petroli na limebeba chaji, na anayeona ni Mungu peke yake.

Ndiyo maana kanuni ya Mzee Kibwana ilikuwa moja: waya kwanza. Lori likisimama, kabla ya mtu kugusa bomba, anachukua waya wa ethi, anabana kibanio cha kwanza kwenye lori na cha pili kwenye kile chuma kilichozikwa ardhini karibu na mdomo wa tangi la chini. Chaji yote inateremka ardhini kimyakimya. Halafu anapiga makofi mara mbili kupangusa vumbi, anasema bismillahi, ndipo anamwambia dereva, "Haya, fungua." Sijawahi kumwona akibadilisha mpangilio huo. Ijumaa ilikuwa siku yake ya kufanya vikazi vidogovidogo kwa tupa na msasa huko kwenye matangi, na mimi nilidhani anapitisha muda wa kwenda msikitini.

Wateja walionisumbua zaidi walikuwa wavuvi wa upande wa Mbegani, wanaokuja na madumu ya plastiki kununua petroli ya mashine za boti. Wanataka ujaze dumu likiwa juu ya gari, kwenye turubai la plastiki, kwa sababu likijaa ni zito kulipandisha. Nakataa. Dumu liwekwe chini, pampu iguse mdomo wa dumu, mafuta yatiririke polepole. Kuna mmoja alikuja na ujuzi wake wa kuchuja maji yasiingie kwenye petroli: soksi ndefu ya nailoni ya mkewe, ameivisha kwenye funeli ya plastiki. Petroli ikipita kwenye vitundu vidogo kama vile, msuguano unazidi na chaji inazidi. Nikamwambia soksi hiyo amrudishie mwenyewe. Akajibu mwenyewe hajui kama imechukuliwa. Mzee Kibwana alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda stoo akamletea chujio la shaba, akamwonyesha jinsi ya kulitumia. Alikuwa hivyo. Hakumwacha mtu aondoke na katazo bila kumpa cha kufanya badala yake.

Nilimpenda yule mzee, nasema wazi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na sikuwa nimewahi kusikia mwanamume akiniambia "vizuri, mwanangu" kwa kazi niliyoifanya. Nilikuwa tayari kujisugua kwenye viti vyote vya Zinga nilisikie neno lile.

Mwaka wangu wa pili, siku chache kabla ya Idi Kubwa, Mzee Kibwana alikwenda Mkange kwenye hitima ya dada yake. Bwana Nassor alikuwa na desturi ya kukipaka kituo rangi kila Idi inapokaribia, kama watu wanavyopaka nyumba zao. Safari hiyo brashi nilishika mimi. Kuta nyeupe, kingo za saruji nyeupe na nyeusi, ndoo za mchanga nyekundu. Nilipaka kwa mapenzi, maana nilitaka mzee akirudi akute kituo kinang'aa.

Alirudi asubuhi moja, na kabla hajaweka mkoba wake chini lori lilikuwa limeshasimama. Pampu zilikuwa zimekauka tangu jana yake, pikipiki na magari yamejipanga mpaka barabarani. Akaangaza macho, akaniambia, "Zuhura, kituo kimekuwa bwana harusi!" Kisha akaenda moja kwa moja kwenye lori huku akisalimiana na dereva, yule Mgogo wetu, na kutaniana naye habari za msiba. Mimi nikarudi kwenye pampu kuwatuliza watu. Nilimwona akiinama. Nikasikia makofi mawili.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Bomba lilikuwa limefungwa kwenye lori, Mzee Kibwana ameshika ncha yake ya shaba, anaipeleka kwenye mdomo wa tangi la chini. Nikasikia tu "puu," na mwali ukasimama kuliko kimo chake. Dereva alikuwa mwepesi ajabu. Alimvuta mzee kwa shati, akafunika mdomo wa tangi, akamwaga mtungi mzima wa kuzimia moto, kisha akarukia usukani akaliondoa lori pale. Ukaisha. Ndevu za Mzee Kibwana zilikuwa zimeungua, nyusi hakuna, na mkono wa kulia umebabuka mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameketi kwenye mchanga akiutazama ule mkono.

Alipotoka hospitali, Bwana Nassor alituita sote ofisini. Waya wa ethi ulikutwa umelala chini, lakini lori liliondolewa kwa haraka, kwa hiyo hilo halikuthibitisha lolote. Dereva alisema yeye hakuuangalia. Nikasema mimi nimesikia makofi. Bwana Nassor akauliza, "Makofi yanafunga waya?" Akamgeukia mzee.

"Kibwana, umenifanyia kazi kwa uaminifu. Niambie wewe. Ulifunga?"

Mzee Kibwana aliupakata mkono wake uliofungwa bendeji.

"Nilijua nimefunga, Bwana. Lakini kama nilifunga, moto umetoka wapi? Labda nimesahau."

Lile "labda nimesahau" lilitoka kwa shida. Mimi nilijua kwa nini. Aliwahi kunisimulia kwamba marehemu baba yake, miaka ya mwisho, alianza kwa kusahau jembe shambani, na akamalizia kwa kumuuliza mkewe jina lake. Mzee Kibwana aliyaogopa maradhi yale kuliko kifo. Bwana Nassor akamwambia apumzike, kazi ya mafuta haitaki mtu anayesahau. Hakumfokea, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mzee akachukua mkoba wake, akaenda kwao Mkange.

Kazi ya kupokea mafuta nikapewa mimi. Lori lililofuata lilipokuja, nilichukua waya. Nikabana kibanio cha kwanza kwenye lori, nikaenda na cha pili kwenye chuma cha ardhini. Kikateleza. Nikabana tena kwa nguvu, kikashika, na meno yake yakaacha alama mbili ndogo kwenye rangi nyekundu.

Rangi nyekundu. Niliipaka mimi, ile iliyobaki baada ya kupaka ndoo za mchanga. Kile chuma kilikuwa na kutu na mikwaruzo, kilinikera, nikakipa mikono miwili ya rangi ya mafuta. Rangi haipitishi chaji, na meno yalikuwa hayajafika kwenye chuma. Nilikuwa nimeufunga mlango wa pekee ambao chaji ilitakiwa kutokea. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya tupa na msasa kila Ijumaa: alikuwa akikwangua kutu ili chuma kibaki uchi, meno ya kibanio yagusane na chuma chenyewe. Hakuwahi kuniambia, kwa sababu kwake lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Kisha nikaona jambo la pili. Kando ya alama zangu mbili, kwa chini kidogo, palikuwa na alama nyingine mbili, meno yaleyale, zimeshaingia vumbi. Mzee Kibwana alikuwa amefunga. Hakusahau kitu.

Nikamwambia dereva asubiri. Nikachukua tupa nikakwangua rangi, lakini upande wa pili wa chuma, nikaziacha zile alama. Nikapokea mafuta salama. Na baada ya hapo, vijana wangu, nikanyamaza siku nne. Nayaandika haya ili mnijue. Nilikuwa nategemewa na mama yangu na wanangu wawili, na nilijua nikisema nafukuzwa. Kila asubuhi nilipita pale na tupa mfukoni. Mikwaruzo michache tu ingeziondoa zile alama, na hata mtu akiniona angesema Zuhura anajitahidi na usalama.

Siku ya nne akaja Bi Tatu, mke wa Mzee Kibwana, kuchukua kikombe cha mumewe na kanzu aliyoiacha stoo. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya mzee.

"Mkono unapona," akasema. "Kichwa ndicho hakimpi raha. Siku hizi haendi msikitini, mwanangu. Anaswali chumbani, ameweka kokoto nne mbele ya msala. Kila rakaa anasogeza moja, kwa kuogopa kwamba atasahau. Jana aliniita jina langu mara tatu, bila haja, nikajua anajipima."

Niliifunga kanzu kwenye mfuko, nikampa, nikamsindikiza hadi barabarani. Kisha nikaingia ofisini kwa Bwana Nassor, nikasema yote nimesimama, bila kuvuta pumzi.

Alitoka nje. Akachuchumaa pale kwenye chuma na kanzu yake nyeupe, akachukua kibanio, akakiweka juu ya zile alama za vumbi. Kikakaa sawasawa. Akabaki amechuchumaa.

"Siku nne," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Na rangi ilikuwa amri yangu."

"Hukuniambia nipake hapo, Bwana."

"Sikukwambia usipake pia." Akainuka. "Nikikufukuza nitaajiri mwingine, naye Idi ijayo atapaka rangi. Wewe hutapaka tena. Kesho panda basi uende Mkange, ukamwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi nitakuja Ijumaa kumtaka radhi na kumrudisha kazini, lakini wewe utangulie."

Njia nzima ya Mkange nilikuwa nikipanga maneno. Nilitarajia anifukuze, au mbaya zaidi, asiseme kitu. Nilimkuta amekaa barazani kwake na kanzu, bendeji ni chafu kidogo, nyusi zimeanza kuota, ametazama uani. Bi Tatu alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, akaitika "marahaba, mwanangu Zuhura," kwa uangalifu, akilitamka jina langu kama mtu anayekanyaga kwenye ubao asiouamini.

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Nikapiga magoti.

"Baba, nilikipaka rangi chuma cha ethi. Ulipokuwa kwenye hitima. Wewe ulifunga waya. Meno ya kibanio yapo kwenye rangi mpaka sasa, Bwana Nassor ameyaona. Moto ule ni wangu. Mkono wako, ndevu zako, ni mimi."

Nikaendelea kusema nisamehe, nisamehe, mpaka akaninyamazisha kwa ule mkono mzima.

"Ngoja. Sema tena. Nilifunga?"

"Ulifunga, baba."

"Pande zote mbili?"

"Kwenye lori sikuona. Kwenye chuma ulifunga, alama ziko pale."

"Huwa naanza na lori," akasema. "Kama nilifika kwenye chuma, basi lori nilishafunga. Sasa nakumbuka. Kiliteleza! Kiliteleza kidogo, nikabana tena, yule Mgogo alikuwa anacheka, sikuangalia." Alisimama. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka. "Sikuangalia, Zuhura! Huo ni uzembe! Ni uzembe mtupu, mwanangu, siyo maradhi!"

Sijawahi kuona mtu akiufurahia uzembe wake kiasi kile. Akaanza kupiga kelele kuelekea jikoni, majirani wakatoka mlangoni.

"Mama! Njoo! Sikusahau! Nilifunga waya! Ni Zuhura, alipaka rangi! Zuhura ndiye aliyeniunguza!"

Bi Tatu akaja mbio, mwiko mkononi, unga umemganda vidoleni. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi niliyepiga magoti kwenye baraza yake. Nikainamisha kichwa ningoje nitakachopata. Akauangusha mwiko, akaninyanyua kwa mabega, akanikumbatia kwa nguvu mpaka unga ukanijaa mgongoni.

"Ahsante, mwanangu," akaniambia sikioni, analia. "Ahsante. Mungu akupe umri."